Kontua Moja na Nusu

Miaka ishirini na mitatu, shuleni Endebess,
nilichora Koitobos ubaoni kwa chaki ya kahawia,
mstari ndani ya mstari, kama kitunguu kilichokatwa,
nikawaambia watoto: kontua zikikaribiana, mteremko ni mkali.
Kisha nikafuta, nikapiga chafya.
Sikuwahi kujiuliza ukali huo una ladha gani mdomoni.

Ni ladha ya sarafu.

Tulitoka hemani saa tisa za usiku: mimi,
Nasambu, binti wa dada yangu, aliyesema atabeba chai tu,
na Ndiwa, askari wa wanyama,
niliyempa alama kumi na tisa kwa mia kwenye karatasi ya ramani.
Ndiwa hakuwasha tochi.
Alitembea kama mtu anayekwenda chooni kwake.

Sakitu ilikuwa imeng'ata nyasi,
kila unyasi na ufupa wake mweupe.
Lobelia zilijifumba, majani yamekunjwa juu ya kiini,
mimea yenye akili kutushinda.

Na upepo. Nisiseme ulivuma;
kuvuma ni neno la huku chini, la mashamba ya mahindi.
Ule ulisukuma kwa bega, ukarudi, ukasukuma tena,
kama mdai aliyechoka kupiga hodi.
"Mjomba," Nasambu alisema, "meno yako yanapiga chapa."
Nikataka kumjibu. Taya likakataa.

Kulipopambazuka tulikuwa chini ya mwamba wenyewe,
pale njia inapokwisha na mikono inaanza.
Mwamba mweusi, umepasukapasuka, umelowa.
Nikashika. Vidole havikuniambia nimeshika nini.
Ilibidi nitazame
ndipo nijue kwamba ule mkono ni wangu.
Hatua. Pumzi tatu. Hatua.
Jiwe likachomoka chini ya kiatu,
nikalisubiri litue,
sikulisikia.

Hapo ndipo kofia iling'oka,
kofia ya sufu, ya mitumba, ya soko la Kitale,
niliyoibishania shilingi ishirini hadi mama muuzaji akanihurumia.
Ningeelewa kama ingeanguka.
Ilipanda.
Ilipanda mbele ya macho yangu, ikapita ukingo wa juu,
ule ule tulioutafuta tangu usiku,
bila jasho, bila kuaga.

Ndiwa alipaza sauti. Upepo ukalichukua neno
ukalipeleka Uganda.
Basi akanyoosha kiganja, akakishusha polepole,
hivi, polepole,
vile nilivyokuwa nikifanya mimi darasani kelele zikizidi.
Nikaketi.
Kumbe mkono huo una nguvu ukiwa upande wa pili.

Palibaki mita thelathini. Kontua moja na nusu.
Kwenye ramani, unene wa ukucha.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma;
hawakusema ngoma yenyewe huchezwa kwa makalio.
Suruali yangu ya kustaafia ilibaki huko, vipande viwili vitatu.
Chupa ya chai ilikuwa imevunjika ndani,
ukiitikisa inalia kama njuga.
Tukakaa nyuma ya jiwe tukatafuna viazi vitamu vya baridi,
Nasambu akacheka mpaka akalia,
au akalia mpaka akacheka, sikuuliza.
Ndiwa alinivua viatu
akaiweka miguu yangu kwapani mwake, chini ya koti,
akatazama pembeni,
wala hakutaja zile alama kumi na tisa.
Mimi nilizitaja. Akasema amesahau.
Hajasahau.

Jirani yangu Khaemba alikuwa ameegemea ua.
"Mwalimu, ulifika?"
"Kofia ilifika."
Akangoja niendelee. Sikuendelea.

Siku hizi asubuhi, kukiwa hakuna wingu,
natoka na kikombe, nasimama karibu na banda la kuku,
natazama kule juu.
Kwa umbali huu huwezi kuona kofia.
Najua. Nilifundisha skeli.
Natazama tu, hadi chai ipoe.